Durant, Westbrook na Harden pamoja: kwa nini Thunder ile haikuchukua ubingwa?

Swali la msomaji: "Oklahoma City Thunder walikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden kwenye kikosi kimoja. Wote watatu wamekuja kuwa MVP (mchezaji bora wa msimu) wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Inakuwaje timu kama hiyo isichukue hata kombe moja? Rafiki zangu wamegawanyika. Wapo wanaosema Westbrook alikuwa mchoyo, kila mpira anautupa yeye. Wengine wanasema wenye timu walibana hela wakamwacha Harden aende zake. Ukweli uko wapi? Na je, wangebaki wote, wangechukua?"

Jibu:

Ndugu yangu, kila upande umeshika kipande cha ukweli, ingawa wale wa Harden wameshika kikubwa zaidi. Ila hesabu yako ya MVP watatu tuiangalie vizuri kabla hatujamlaumu mtu. Durant alipata tuzo hiyo mwaka 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Mara ya mwisho walipovaa jezi moja pale Oklahoma City ilikuwa Juni 2012. Durant na Westbrook walikuwa na miaka 23, Harden 22, na mwenzao Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, naye 22. Durant alikuwa ameshakuwa mfungaji bora wa ligi misimu mitatu mfululizo. Harden alikuwa akianzia benchi, na msimu huo ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa akiba wa ligi nzima, kwa wastani wa pointi 16.8. Kwa hiyo watu waliocheza fainali ile walikuwa mfungaji mmoja wa daraja la juu kabisa, kijana mmoja mwenye kasi isiyozuilika, na kijana mwingine ambaye hakuna aliyekuwa amemkabidhi timu aiongoze. MVP watatu unaowaona leo hawakuwahi kuwa uwanjani kwa pamoja wakiwa na jezi ya Thunder.

Timu yenyewe ilipanda haraka mno. Ilihamia Oklahoma City kutoka Seattle mwaka 2008, na msimu wa kwanza ilishinda mechi 23 kati ya 82. Msimu uliofuata ikashinda 50. Mwaka 2011 ikafika fainali ya Kanda ya Magharibi na kufungwa na Dallas. Mwaka 2012 ikawatoa Dallas kwa 4-0, Lakers kwa 4-1, kisha San Antonio Spurs waliokuwa wameshinda mechi 20 mfululizo na kuongoza 2-0. Thunder wakashinda nne za mwisho zote. Ukiwa na miaka 23 na umewafanyia hivyo Spurs, nani atakuambia kwamba fainali unayokwenda kuicheza haitarudi tena?

Dhidi ya Miami Heat walishinda mechi ya kwanza 105-94, wakapoteza nne zilizofuata. Watu wanakumbuka LeBron James alivyotawala, na kweli alitawala. Lakini mechi tatu kati ya zile nne ziliamuliwa kwa tofauti ya pointi nne, sita na sita. Katika mechi ya pili Durant alitupa akiwa karibu na mstari wa nyuma, sekunde zimebaki kama kumi, timu iko nyuma kwa pointi mbili. LeBron alimgusa mkono, filimbi haikulia, mpira ukatoka. Mimi nasema ilikuwa faulo.

Mechi ya nne ndiyo ninayopenda kuwaonyesha vijana ninaowafundisha. Westbrook alikuwa na pointi 43 usiku ule, alitupa mara 32 na kuingiza 20. Thunder wako nyuma 101-98, zimebaki sekunde 17. Mwamuzi anarusha mpira wa kugombea kati ya Harden na Udonis Haslem, na Heat wanaupata. Saa ya kutupia (ile inayohesabu muda ambao timu lazima iwe imetupa) haikuanza upya. Ilikuwa imebakiza sekunde tano tu. Yaani Thunder walichotakiwa kufanya ni kusimama imara kwa sekunde tano, kuchukua mpira, na kutafuta pointi tatu za kusawazisha. Westbrook akamkimbilia Mario Chalmers na kumfanyia faulo. Mitupo miwili ikaingia, 103-98, kwisha. Mchezaji bora wa usiku ule ndiye aliyefanya kosa lililofunga hesabu. Rafiki zako wanaomlaumu wanaweza kuanzia hapo, ila na mimi nauliza: benchi zima, kocha na wasaidizi wake, hawakuiona ile saa?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo jibu, nalo linaonekana tayari katika fainali hiyo hiyo. Msimu wa kawaida unacheza na timu nyingine kila usiku, hakuna anayepata muda wa kukuchambua. Kwenye mtoano unakutana na wale wale hadi mara saba. Makocha wanatafuta jambo moja tu: nani kati ya watano wako hatuhitaji kumlinda? Wakishampata, mlinzi wake anaachana naye na kwenda kumsubiri Durant njiani. Ghafla nyota wako anacheza dhidi ya watu wawili na nusu.

Mwaka 2012 mtu huyo alikuwa Kendrick Perkins. Thunder walimleta kutoka Boston mwaka 2011 kwa ajili ya kupambana na majitu ya Magharibi, na kazi hiyo aliiweza. Lakini Heat walimweka Chris Bosh katikati na kucheza na kikosi chepesi. Perkins hakuwa na jitu la kumkaba, na kwenye kushambulia hakuna aliyemwogopa akiwa mbali na kikapu. Kocha Scott Brooks aliendelea kumwanzisha kila mechi. Harden naye, ambaye ndiye angeweza kuwaadhibu Heat wakati wanawakimbilia Durant na Westbrook, alicheza fainali mbovu: wastani wa pointi 12.4. Durant alifunga wastani wa 30.6 na Westbrook 27. Wawili wakiwaka hivyo na bado unafungwa 4-1, tatizo halipo kwa hao wawili.

Miezi minne baadaye Harden hakuwepo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu husema "ubahili" wakafunga mjadala, na mambo yalikuwa magumu kuliko hivyo.

Mwaka 2011 wamiliki waliwafungia wachezaji milango hadi pande mbili zikaandikishana mkataba mpya wa ligi. Mkataba huo ulibadili kodi ya anasa, ile tozo ya timu zinazovuka kiwango fulani cha mishahara. Zamani ukivuka kwa dola moja ulilipa dola moja. Kuanzia msimu wa 2013-14, dola milioni tano za kwanza za kuvuka zilitozwa dola moja na nusu kwa kila dola, na kiwango kikaendelea kupanda kadiri unavyozidi kuvuka. Anayerudia miaka kadhaa anaongezewa adhabu. Durant alikuwa ameshasaini mkataba mkubwa, Westbrook naye Januari 2012, Ibaka Agosti 2012 kwa takriban dola milioni 48 za miaka minne. Alibaki Harden.

Ofa iliyoripotiwa ilikuwa kama dola milioni 55 kwa miaka minne, wakati kiwango cha juu alichostahili kilikuwa karibu milioni 60. Milioni tano kwa miaka minne! Ukiiangalia hivyo unashika kichwa. Ila kwa ile kodi mpya, kila dola ya mwisho ingeweza kuwagharimu mbili au tatu, na Oklahoma City ni mji mdogo usio na mapato ya televisheni kama ya Los Angeles. Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho wengi hawakijui: kanuni iliruhusu timu kumpa mchezaji wake mmoja tu mkataba wa miaka mitano wa kurefusha ule wake wa kwanza, na Thunder walikuwa wameshampa Westbrook. Houston walikuwa huru kumpa Harden miaka mitano na takriban dola milioni 80, na ndivyo walivyofanya.

Kwa hiyo naelewa woga wa meneja Sam Presti. Nisichokielewa ni Perkins. Mkataba ule ule mpya uliipa kila timu ruhusa ya kumwacha mchezaji mmoja wa zamani, akalipwa chake, lakini mshahara wake usihesabiwe kwenye kodi. Perkins alikuwa anakula karibu dola milioni tisa kwa mwaka na alikuwa na sifa zote za kuachwa. Thunder hawakuitumia ruhusa hiyo kabisa. Mahali pa Harden palikuwepo kwenye vitabu, walikalia tu. Tarehe 27 Oktoba 2012 akapelekwa Houston, na waliokuja kwa upande wa pili ni Kevin Martin, Jeremy Lamb na haki za kuchagua vijana kwenye drafti (mgao wa wachezaji wapya wanaoingia ligi), mojawapo ikiwa ndiyo iliyomleta Steven Adams. Martin alikaa msimu mmoja. Adams alikuwa mchezaji mzuri sana, hilo sikatai, lakini hakuwa mtu wa kuanzisha mashambulizi. Mechi yake ya kwanza Houston, Harden alifunga pointi 37.

Wiki hiyo hiyo, tarehe 31 Oktoba, Golden State Warriors walimsainisha kijana wa drafti moja na Harden, Stephen Curry, kwa dola milioni 44 za miaka minne, kwa bei ya chini kwa sababu vifundo vyake vya miguu vilikuwa vinamsumbua. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo wakati ule.

Misimu mitatu iliyofuata nitaipitia upesi, maana ni majeraha kwa majeraha. Mwaka 2013 Thunder walishinda mechi 60 na kuongoza Magharibi. Raundi ya kwanza wakakutana na Houston ya Harden. Mechi ya pili Westbrook alikuwa pembeni anaomba muda wa mapumziko, Patrick Beverley akaruka kuuwania mpira, wakagongana, goti likapata hitilafu. Westbrook hakuwa amekosa hata mechi moja tangu aingie NBA. Memphis wakawatoa raundi ya pili. Mwaka 2014, Durant akiwa MVP, Ibaka alikosa mechi mbili za mwanzo za fainali ya Magharibi dhidi ya Spurs kwa jeraha la mguu, na mechi hizo mbili Thunder walipigwa kwa tofauti ya pointi 17 na 35. Ibaka akarudi, wakashinda mbili, kisha wakatolewa mechi ya sita kwenye muda wa nyongeza. Msimu wa 2014-15 Durant alicheza mechi 27 tu kwa sababu ya mguu uliovunjika, na timu ikaukosa mtoano ikiwa na ushindi sawa na New Orleans. Brooks akafukuzwa, akaja Billy Donovan.

Unaweza kusema hii ni bahati mbaya tupu. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini angalia: kila mtu mmoja alipoumia, hakukuwa na wa tatu wa kubeba. Timu yenye wafungaji watatu wakubwa hupoteza mmoja ikaendelea kupumua.

Halafu ukaja mwaka 2016, na hapa ndipo ubingwa ulipokuwa mkononi kabisa. Wote wazima. Waliwatoa Spurs walioshinda mechi 67 msimu huo, wakaongoza 3-1 dhidi ya Warriors walioshinda 73 na kufungwa 9, rekodi ya msimu wa kawaida. Mei 28, mechi ya sita, nyumbani. Wanaingia robo ya nne wakiwa mbele 83-75. Zikiwa zimebaki dakika tano na ushee wako mbele 96-89.

Mechi iliisha 108-101. Yaani Warriors walifunga 19, Thunder tano. Klay Thompson aliingiza mitupo 11 ya pointi tatu na kumaliza na pointi 41, na watu huiita mechi ya Klay. Sawa. Ila mimi huwa nawaambia watu waiangalie tena wakiwa wamefunika nusu ya uwanja wa Klay, watazame Thunder walivyoshambulia dakika zile. Durant anapokea mpira akiwa amesimama, wenzake wanne wanatazama. Anajaribu kumpita Andre Iguodala, wa pili anakuja, anatupa akiwa ameinamishwa. Shambulizi linalofuata ni la Westbrook, vivyo hivyo. Mlinzi wa Andre Roberson anakaa chini ya kikapu kana kwamba Roberson hayupo, kwa sababu Roberson alikuwa mlinzi hodari ambaye hakuna aliyeogopa mtupo wake. Dakika mbili za mwisho mipira inapotea hovyo. Durant alimaliza na mitupo 10 kati ya 31, Westbrook 10 kati ya 27, na timu nzima iliingiza pointi tatu mara 3 kati ya majaribio 23. Warriors waliingiza 21. Mechi ya saba ikawa 96-88 kwa Warriors.

Haya ya kushindwa mwishoni hayakuanzia usiku ule. Msimu mzima Thunder walikuwa na sifa mbaya ya kupoteza mechi walizoingia robo ya nne wakiongoza. Chini ya Brooks ilikuwa hivyo, chini ya Donovan ikawa hivyo. Mashambulizi yao dakika za mwisho yalikuwa zamu: safari hii wewe, safari ijayo mimi. Kwa vipaji vile, zamu zilitosha kuwafunga wengi, na ndiyo maana hakuna aliyelazimika kutengeneza kitu bora.

Sasa Westbrook. Mchoyo? Msimu wa 2015-16 alitoa wastani wa asisti (pasi za kufungisha) 10.4 kwa mechi. Mtu mchoyo hafanyi hivyo. Kasoro yake ilikuwa nyingine: hakujua kupunguza mwendo, na mtupo wake wa pointi tatu ulikuwa chini ya asilimia 30, kwa hiyo wapinzani walikuwa wanamwachia nafasi atupe, naye alikuwa anakubali mwaliko. Weka Roberson na Westbrook pamoja, tayari una wawili ambao mlinzi anaweza kusogea mbali nao. Durant hata angekuwa malaika angebanwa. Aliyetakiwa kuwepo pale ni mtu wa tatu anayeweza kupokea mpira, kuita kizuizi (mwenzake amzibie mlinzi njia), kumsoma mlinzi, na kuamua kati ya kutupa, kupasi au kwenda kutafuta faulo. Mtu huyo alikuwa anacheza Houston.

Julai 4, 2016 Durant akahamia Golden State. Matusi aliyoyapata unayakumbuka. Lakini ilikuwaje Golden State, timu yenye nyota wote wale, ikapata nafasi ya kumlipa? Mkataba mpya wa televisheni ulirusha ukomo wa mishahara kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mkupuo mmoja, na Curry, MVP mara mbili mfululizo, alikuwa bado analipwa kwa ule mkataba wa bei ya chini wa 2012. Durant akachukua ubingwa 2017 na 2018 akiwa huko. Ibaka aliupata Toronto 2019.

Kuna wanaodhani kuwakusanya wakiwa wamekomaa kungetosha. Imejaribiwa. Harden na Westbrook walicheza pamoja tena Houston, msimu wa 2019-20, bila kombe. Durant na Harden wakakutana Brooklyn wakiwa na Kyrie Irving, na hao watatu walicheza pamoja mechi 16 tu za msimu wa kawaida kabla kila kitu hakijasambaratika.

Thunder wenyewe wameupata ubingwa mwaka 2025, kwa kuwafunga Indiana Pacers 4-3, meneja akiwa Presti yule yule. Nyota wao mkuu ni mmoja, Shai Gilgeous-Alexander, MVP wa msimu na wa fainali. Wanaomzunguka ndio walionivutia: ukitafuta mlinzi dhaifu wa kumwonea, kina Alex Caruso, Luguentz Dort na Jalen Williams hawakupi. Na wamefikaje? Juni 2016 Ibaka alipelekwa Orlando, wakaja Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Hao wawili wakabadilishwa na Paul George. George akaenda Clippers mwaka 2019, akaja Gilgeous-Alexander pamoja na haki kadhaa za drafti, mojawapo ndiyo iliyomleta Jalen Williams. Kwa hiyo kuna uzi unaotoka kikosi cha 2012 moja kwa moja hadi kombe lile, nao haupiti kwa Durant, Westbrook wala Harden.

Umeuliza pia kama wangechukua endapo wote wangebaki. Mwaka 2013 sidhani. Westbrook angekuwa nje, na Heat bado walikuwa wakali. 2014 inawezekana, ingawa Spurs wale walicheza kikapu kizuri kuliko timu nyingi nilizowahi kuziona. Mimi ningeweka dau langu 2016. Mkataba wa miaka minne ambao Harden aliukosa ungeanza 2013-14 na kuishia 2017, kwa hiyo Mei ile angekuwa bado Oklahoma City, ana miaka 26, na mwaka mmoja kabla alikuwa ameshika nafasi ya pili kwenye kura za MVP. Wakiwa mbele 96-89, dakika tano, mpira ungepitia kwake.